Sheria ya utangazaji na video za mtandaoni: maswali ninayoulizwa sana hapa Amu (Lamu)

Kazi yangu ni kupiga video. Harusi, kirumbizi, mashindano ya majahazi, na kila Mfungo Sita Maulidi ya Riyadha, ambayo narusha laivu kwa ajili ya watu wetu walioko Mombasa, Jeddah na Uingereza. Kila redio ikitaja kwamba sheria ya utangazaji itapanuliwa iguse na mitandao, simu yangu haipumziki. Mara ni shangazi ana wasiwasi wa king'amuzi, mara ni kijana wa Shela aliyefungua chaneli yake juzi. Nimeyakusanya maswali yenyewe hapa ili nipate kunywa kahawa yangu barazani kwa amani. Mimi si wakili. Sheria nimeisoma kwa sababu inanigusa mfukoni.

Hiyo sheria ya utangazaji yenyewe ni ipi?

Ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, ya mwaka 1998. Ilipozaliwa ilishughulika na simu, posta na masafa ya redio. Sehemu ya utangazaji ilichomekwa baadaye, kwa marekebisho yaliyoanza kazi Januari 2009, na mwaka huohuo zikafuata kanuni zake. Marekebisho ya 2013 ndiyo yaliyotupa Mamlaka ya Mawasiliano tuliyo nayo sasa.

Pembeni kuna mkongwe mwingine, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya 1962, inayoipa nguvu Bodi ya Kuainisha Filamu. Sheria mbili, ofisi mbili. Nusu ya mkanganyiko utakaouona huko chini unatoka hapo.

Na kwani haihusu video za mtandaoni tayari?

Hapa ndipo penye mgogoro wote, kwa hiyo nivumilie.

Sheria inaueleza utangazaji kuwa ni kupeleka sauti au vipindi vya televisheni kwa upande mmoja, kwa redio au njia nyingine za mawasiliano, ili vipokewe na umma. Yatazame maneno mawili hapo. "Njia nyingine za mawasiliano" yanaifungulia intaneti mlango. "Upande mmoja" yanaufunga.

Redio ni kama adhana ya mnarani: inatoka mahali pamoja, inawafikia wote kwa wakati mmoja, na huwezi kuirudisha nyuma kwa sababu ulikuwa bafuni. Huduma ya filamu mtandaoni ni duka. Unaingia utakapo, unachagua kitu, mwenye duka anakukumbuka na kesho anakutolea kinachofanana nacho. Hapo mawasiliano ni ya pande mbili: wewe unamtazama, naye anakutazama. Waliotunga sheria hawakuwa na duka hilo akilini. Netflix ilifunguliwa kwa Kenya Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 100, bila ofisi, bila mnara, bila kuomba masafa kwa mtu. Bodi ya Filamu ililalamika wiki hizohizo kwamba filamu zinaingia bila kuainishwa. Kampuni ikaendelea kuuza.

Laivu yangu ya Maulidi je? Ni adhana na duka kwa pamoja. Natoa mimi, mnapokea nyinyi, lakini mnaandika maoni, mnaniambia sauti haitoki, na mjomba mmoja wa Jeddah ananiamuru nigeuze kamera upande wa matari. Mwanasheria akiniambia hiyo ni upande mmoja nitamwonyesha ujumbe wa mjomba.

Kwa nini redio na TV zinahitaji leseni tangu mwanzo?

Kwa sababu masafa ni machache. Stesheni mbili zikikaa masafa mamoja, husikii hata moja. Kwa hiyo serikali huyagawa, na anayepewa hubeba masharti: habari za kweli, vipindi vya kwetu, adabu wakati watoto wako macho.

Kuhamia dijitali kulilegeza uhaba huo, maana mahali palipokaa stesheni moja sasa zinakaa nyingi. Kulileta pia vita vyake. Februari 2015 stesheni kubwa za Nairobi zilikaa gizani karibu wiki tatu, kwa ugomvi wa nani atasambaza mawimbi na kwa ving'amuzi vya nani. Hapa Langoni watu walikuwa wakipanda darini kugeuza antena wakidhani ni upepo wa kaskazi.

Sasa mtandaoni hakuna uhaba wa masafa. Anayetaka kuleta leseni huko lazima atoe sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo ya kuitafuta kwanza kila mswada unapotoka. Mimi naiona moja iliyo nzito: fedha na uwezo wa kuchagua watu waone nini. Kampuni inayokusanya ada kwa maelfu ya nyumba za Kenya, na inayoamua kipi kikae juu na kipi kizikwe chini, inafanya kazi ya stesheni, liite jina ulitakalo. Mtu mwenye simu hafanyi kazi hiyo.

Narusha laivu za harusi kwa simu. Nitatakiwa leseni?

Swali hili ndilo namba moja. Jibu la sasa halipendezi: kwa sheria ya utangazaji, hapana; kwa ile ya filamu ya 1962, ukiisoma neno kwa neno, huenda ndiyo. Inasema filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa isitengenezwe Kenya bila leseni ya kupiga filamu. Mwaka 1962 filamu ilikuwa lori la vifaa na wazungu wenye kofia. Leo ni wewe na simu uliyoifunga kwa kamba kwenye boriti.

Si mambo ya kubuni tu. Mei 2018 Bodi ya Filamu ilitoa tangazo kwamba hata video za kuwekwa kwenye mitandao ya kijamii kwa umma zinahitaji leseni. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Mwaka uliofuata kukaletwa bungeni mswada wa kuwasajili wanablogu na kuwabana wasimamizi wa magrupu, nao haukupita. Vitu hivi huja kama maji kujaa na kupwa. Vikipwa watu husahau, na kile kifungu cha 1962 kimekaa palepale.

Ndiyo maana mimi, tofauti na wenzangu wengi wa kazi hii, nataka sheria iguswe. Wao husema tusiichokoze. Mimi nasema sheria nzee isiyotumika hutumika siku ukimuudhi mtu. Iandikwe wazi: anayepandisha video yake kwenye jukwaa la mwingine si mtangazaji. Masharti yaanze kwa huduma inayopata fedha nyingi kwa mwaka, kiasi kitajwe kwa shilingi ndani ya sheria yenyewe, kisiachiwe kanuni atakazoandika ofisa mwaka ujao.

Jambo jingine ambalo si la leseni: upande wa wanawake kwenye harusi simu hairushwi laivu, leseni iwepo isiwepo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kwa picha yake, na hata bila hiyo, bibi wa nyumba atakutoa kwa kipande cha ufagio. Mimi nilishatolewa. Nilikuwa nimekosea mlango.

Nchi nyingine wamefanyaje?

Kanada ndiyo mfano unaotajwa sana. Sheria yao ya utangazaji ilikuwa ya 1991. Aprili 2023 wakapitisha sheria ya kuiongezea huduma za mtandaoni. Juni 2024 mdhibiti wao, CRTC, akaamua kwamba huduma isiyo ya kampuni za utangazaji za huko, na inayovuna dola milioni 25 za Kanada au zaidi kwa mwaka nchini humo, itoe asilimia 5 ya mapato hayo kusaidia habari za mitaani, vipindi vya Kifaransa, vya watu wa asili na kadhalika. Kampuni zikakimbilia mahakamani.

Kinachonivutia zaidi ni ugomvi wao kuhusu watu kama sisi. Sheria ilisema mtu anayepandisha video zake si mtangazaji, kisha ikaacha upenyo kwa video zinazoingiza fedha. Watengeneza video wakapiga kelele kuwa upenyo huo unawaingiza wote kwa mlango wa nyuma, na mwaka 2023 serikali ikalazimika kumwelekeza mdhibiti asiwaguse. Somo hilo ni la bure kwetu: msamaha ukiandikwa na "isipokuwa" mbele yake, usome kile kinachofuata mara mbili.

Ulaya walikwenda na hisa ya orodha. Mwongozo wao wa 2018 unataka angalau asilimia 30 ya filamu na vipindi kwenye huduma za kuchagua mwenyewe ziwe kazi za Ulaya, na zionekane, zisifichwe. Huduma ndogo zinaweza kuachwa.

Jirani zetu Tanzania walianza kutoka upande wa pili, kwa watu wadogo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kuchukua leseni, na jumla ya ada mwanzoni ilipita shilingi milioni 2 za huko. Wengi wakafunga. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, 2020 na 2022, lakini blogu iliyokwisha kufa haifufuki kwa marekebisho.

Sheria ikibadilishwa, bei ya kulipia filamu itapanda?

Inaweza. Mzigo wa kampuni hutafuta bega la mteja. Ila usidhani leo hazilipi kitu: kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 imo kwenye huduma za kidijitali, na kampuni za nje zililipa kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 ya mauzo tangu Januari 2021. Mwishoni mwa 2024 ikaondolewa, ikaja nyingine ambayo, hesabu ikipigwa hadi mwisho, inafika asilimia 3.

Na sisi tunaolipwa na mitandao kwa video zetu tunakatwa asilimia 5 tangu Julai 2023. Pendekezo la kwanza lilikuwa 15. Kwa hiyo mkikutana nami sokoni msiseme vijana wa mtandao hawalipi kodi.

Tofautisheni tu kodi na mchango. Kodi huingia Hazina ikapotelea kwenye mfuko mkuu. Mchango wa namna ya Kanada unakwenda moja kwa moja kutengeneza vipindi. Nikiulizwa kipi, najibu mchango.

Ile asilimia 40 ya vipindi vya kwetu itawahusu na hawa wa mtandaoni?

Stesheni za hapa zinatakiwa kuwa na asilimia 40 ya vipindi vya ndani kwa kuanzia, lengo likiwa 60. Kwenye TV hesabu ni rahisi, unahesabu saa. Kwenye huduma ya mtandaoni, asilimia 40 ya nini? Ya orodha? Kampuni itanunua vichekesho vya zamani kwa bei ya jioni, ijaze chini kabisa ambako kidole hakifiki. Ya saa ambazo watu wametazama? Basi unamlazimisha mteja. Ndiyo maana Ulaya waliongeza sharti la kuonekana, na ndilo mimi ningelipigania: ukifungua ukurasa wa kwanza ukiwa Kenya, uone kazi za Kenya bila kuzitafuta.

Halafu "ya ndani" maana yake nini? Nimeshaona tamthilia iliyopigwa hapa, na punda wetu na milango yetu ya nakshi, ambamo hakuna mtu hata mmoja anayesema Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa. Mzee wa Amu kwenye filamu anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Sisi tusemao "mato" kwa macho na "kuyua" kwa kujua hatumo, tumebaki mandhari. Na ukiweka Kiamu chenyewe, mashine ya kuandika maneno chini ya video inakichukulia kuwa ni makosa. Mara moja ilimgeuza shekhe anayesoma dua kuwa mtu anayeuza matikiti. Tulicheka, kisha nikakaa usiku mzima naandika upya kwa mkono.

Katiba, kifungu cha 7, inataka serikali ikuze lugha za watu wa Kenya, si Kiswahili peke yake. Mchango ukipatikana, fungu lake liende pia kwa lugha za pembeni. Wabajuni wa Faza na Kizingitini wana haki hiyohiyo.

Watoto je?

Kwa TV, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku haziruhusiwi picha za watu wazima. Mtandaoni hakuna saa. Huko kilichopo ni alama za umri, kama 16 na 18, na namba ya siri ya mzazi. Sheria inaweza kuzilazimisha kampuni kufuata alama za Kenya, na hilo silipingi. Lakini namba ya siri ya mama yangu ni 1234, na mpwa wangu wa miaka tisa ndiye aliyemwekea.

Kuna hatari ya serikali kupata kitufe cha kuzima?

Ipo, na atakayekwambia haipo ana haraka zake.

Januari 30, 2018, siku ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park, stesheni kubwa zilizimwa hewani; watu wakahamia kwenye simu, kwa sababu baadhi yake ziliendelea kupitia mtandao. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha laivu, na baadhi zikakatwa mawimbi. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Mara zote mbili mtandao ndio uliokuwa dirisha la nyuma.

Sasa ukiandika kwamba huduma ya mtandaoni ni utangazaji, unaileta chini ya mkono uleule ulioshika swichi ya mnara. Kifungu cha 34 cha Katiba kinakataza serikali kudhibiti au kuingilia utangazaji, na kinasema leseni ziwe kwa kadiri inavyohitajika kusimamia masafa na njia nyingine za kusambaza mawimbi, zitolewe kwa utaratibu usio chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Maneno hayo ni mazuri. Ila kwenye mswada tafuta swali dogo la kiutendaji: nani anaweza kuamuru kuzima, na lazima kwanza aende kwa hakimu au la? Kama kwa hakimu anakwenda baadaye, laivu yako itakuwa imekwisha.

Naonyesha mechi kibandani kwangu kwa kiingilio. Hiyo ni utangazaji?

Hapana, hayo ni maonyesho ya video, na Katiba imeyaweka, pamoja na sinema, kwa kaunti. Kwa hiyo leseni yako ni ya kaunti, wala mabadiliko haya hayakugusi. Shida yako ni nyingine: akaunti ya nyumbani haikuruhusu kutoza watu. Hilo ni la mkataba na hakimiliki.

Laivu yako ya mwaka jana ilinyamaza katikati. Ilikuwa serikali?

Hahaha, hapana. Nimeulizwa hili hata msikitini.

Ilikuwa mashine ya jukwaa. Ilisikia kasida, ikaona inafanana na rekodi ambayo kampuni fulani imeisajili kuwa yake, ikakata sauti. Kasida ile inasomwa hapa tangu kabla ya babu yangu, na kampuni hiyo hakuna anayeijua Amu nzima. Nilijaza fomu ya malalamiko saa ileile, niko juu ya ngazi, simu moja mkononi na nyingine mdomoni. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, la mashine pia.

Hayo ni ya hakimiliki, si ya utangazaji. Lakini ndiyo sababu nataka kifungu kimoja kwenye sheria mpya ambacho sijasikia mtu akikitaja: kampuni kubwa iwe na mtu wa kujibu malalamiko kutoka Kenya, kwa Kiswahili au Kiingereza, ndani ya siku zilizotajwa. Stesheni zenye leseni zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya watazamaji. Hawa wa mtandaoni waachiwe kwa nini?

Tumwendee gavana?

Utangazaji ni kazi ya serikali kuu, gavana hana la kufanya. Mlango ni Bunge. Mswada ukitangazwa, maoni ya umma ni lazima kwa kifungu cha 118 cha Katiba, na barua yako hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa. Andika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi ya Bunge. Taja namba ya kifungu, sema kibadilishwe kisomeke vipi, tia sahihi. Ukurasa mmoja unatosha. Malalamiko ya kurasa sita kuhusu dunia ilivyoharibika hayasomwi na mtu.

Asiyejua kuandika aje kwangu baada ya Alasiri, nitamwandikia bure. Kuchapisha atalipa mwenyewe.

Na Maulidi mwaka huu, laivu ipo?

Ipo, inshallah. Nimepata bando la kutosha na betri mbili za akiba. Nitaifunga kamera juu zaidi, upande wa kushoto wa mlango, kwa sababu mwaka jana nusu ya zefe mliona kofia ya mtu mmoja tu. Mwenyewe anajijua.